Tone la Maji juu ya Bapa la Kafi

Vijana wa atelier, karakana yetu ya makafi, waliniomba niwaandikie ukurasa mmoja tu: namna ya kuandaa kafi na kulipaka rangi upya. Nimejaribu mara tatu. Kila nikiandika "kwanza osha", naikumbuka sababu ya kuosha, na sababu hiyo haienei kwenye ukurasa mmoja. Basi mtasoma yote, au mtautafuta wenyewe ukurasa mnaoutaka humu ndani. Macho mnayo.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Siku nilipofanywa mkuu wa atelier nilipewa ufunguo, nikaambiwa nisiupoteze, nami sikuupoteza. Ninalotaka kueleza ni kazi yenyewe, na hasa swali moja lililonikosesha raha kwa miezi mingi: kwa nini rangi ilikuwa inabanduka kwenye makafi manne tu, na si mengine.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kibabi. Kwetu tulilima maharage na viazi mlimani, na maji niliyoyajua yalikuwa ya mvua na ya chemchemi. Ziwa nililiona nikiwa tayari na ndevu, nilipokuja kuomba kazi kwa Papa Bauma, mtu wa kwetu Kibabi, fundi wa pirogi, yaani mitumbwi, na makafi. Kwa asiyelijua ziwa letu, upande huu kuna barabara, soko, na kituo cha afya juu ya kilima. Ng'ambo kuna malisho na nyumba za wafugaji. Daraja hakuna, na kuzunguka kwa miguu ni nusu siku kama mvua haijanyesha, nayo mvua ya Masisi haipendi kukosekana. Kwa hiyo kila asubuhi pirogi zinavuka na mabidoni ya maziwa, zinarudi na chumvi, maharage na watu.

Siku ya kwanza Papa Bauma hakuniuliza ninajua nini. Alitazama viatu vyangu, akaniletea kafi kuukuu na kitako cha chupa iliyovunjika. Ninyi mliokulia kwenye msasa wa dukani mtacheka, lakini kitako cha chupa kikivunjika vizuri kinaondoa rangi ya zamani kuliko kisu, kwa sababu hakichimbi, kinanyoa tu.

"Kwangua bapa mpaka muti ionekane," akaniambia. "Kisha uache."

Bapa ni ile sehemu pana inayoingia majini. Juu yake kuna shingo, na juu ya shingo mpini. Hayo niliyashika. Lile la "kisha uache" halikuniingia. Rangi iliisha kabla ya saa nne, nami nikaendelea, maana mti ulikuwa unatoa manyoya mazuri mekundu na nilitaka kujua ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na mti. Papa Bauma aliporudi alilishika kafi lile, akalikunja kwa vidole viwili, bapa likapinda.

"Hii haiko kafi tena," akasema. "Hii iko kijiko."

Akalitundika ukutani juu ya mlango. Tangu siku hiyo kila mgeni wa atelier aliulizwa kama amekiona kijiko cha Hangi. Hangi ni mimi.

Pirogi nyingi za ziwa hili hazijali rangi. Kafi ni kafi. Pirogi moja tu ilikuwa na makafi ya lazima kupakwa, nayo ilikuwa ya wagonjwa. Ilikuwa na makafi manne, kila bapa jeupe, na katikati yake mkanda mwekundu wa upana wa shubiri. Pirogi hiyo ikibeba mgonjwa, wapiga kafi walifika katikati ya ziwa wakainua makafi juu mara mbili. Juu kilimani, titulaire wa kituo cha afya, yaani muuguzi mkuu, alikuwa na mtu wa kutazama ziwa. Akiona weupe ukipanda mara mbili, wabebaji wanashuka na kipoyi, kile kitanda cha kubeba mgonjwa mabegani, na mgonjwa anakikuta kinamsubiri ukingoni. Asipoona, hakuna anayeshuka. Na kafi lisilo na rangi, kwenye ukungu wa asubuhi, mbele ya matete na maji yenye rangi ya chai, halionekani hata ulitikise mpaka mkono uchoke.

Kwa hiyo rangi ile haikuwa pambo. Jambo hili Papa Bauma alilisema mara moja tu, na hakulirudia.

Kazi ilikuwa hivi. Makafi yalipofika yalioshwa tope na kulazwa kivulini juu ya mianzi siku tatu, kila siku yakigeuzwa. Kisha chupa. Kisha ufa, kama upo, ulizibwa kwa unga wa mbao na gundi. Kisha maji ya majivu. Haya yalikuwa majivu ya jikoni yaliyotiwa kwenye kikapu, maji yakamwagwa juu, na yaliyochuruzika chini yaliteleza kidoleni kama sabuni. Tulisugua bapa kwa maji hayo mara mbili, tukasuuza mara tatu, tukakausha tena. Ndipo rangi. Mkono wa kwanza ulikuwa mwepesi, wa pili mzito, na mkanda mwekundu ulipakwa mwisho, pembeni ukizibwa kwa ganda kavu la mgomba lililofungwa vizuri ili mstari unyooke. Kafi lilitundikwa bapa likiwa chini, ili tone la mwisho la rangi likusanyike kwenye ncha, mahali panapogonga mawe.

Mimi nilipenda kila hatua isipokuwa ile ya majivu. Maji yale yanakula ngozi. Baada ya wiki moja vidole vilipasuka, na chumvi ya chakula ikawa adui yangu. Siku moja nikauliza.

"Papa, hii majivu iko ya nini?"

"Ya kuosha."

"Lakini kafi inashinda mu maji siku yote. Uchafu gani inabakia?"

"Hangi, weye unauliza sawa mukaguzi wa masomo. Osha."

Kuuliza si ujinga, na wala sikumlaumu. Papa Bauma alifundisha kwa mikono, na mdomo aliutunza kwa ajili ya kula na kusali. Lakini swali lilibaki kwangu.

Mara mbili alinituma Buleusa, kule Walikale, kuchagua mbao za libuyu, mti wa msituni usio mzito. Hapa kwetu kalitusi ni nyingi, ila kafi la kalitusi ni zito, na likikaa juani wiki moja linapasuka. Mpasua mbao wa Buleusa alinifundisha kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao mzuri unajibu kwa sauti moja, wenye ufa ndani unajibu kwa mbili. Nilipomweleza kwamba mbao zake zitapakwa rangi nyeupe alihuzunika kabisa.

"Muti muzuri hivi, munaifunika? Muko na haya yake?"

Nikamweleza habari ya ukungu na kipoyi. Akafikiri, akasema kwao mgonjwa anavukishwa kwa kelele, kwa sababu mto ni mwembamba. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Ziwa letu lingekuwa jembamba, nisingekuwa na kazi.

Miaka ikaenda, mgongo wa Papa Bauma ukamkataa, akarudi Kibabi kwenye maharage yake. Atelier ikabaki mikononi mwangu. Mwaka huohuo tukaletewa kutoka Goma rangi nzuri ya mafuta na msasa wa aina tatu, mkali, wa kati na laini. Niliupitisha ule laini juu ya bapa, likawa kama shavu la mtoto. Nikajiambia, majivu ya nini tena? Nikayaacha. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Haikupita miezi miwili, makafi ya pirogi ya wagonjwa yakarudi. Rangi ilikuwa inatoka vipande vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilidhani nimewahi kupaka kabla mti haujakauka. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka upya. Mara hii haukupita hata mwezi.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Kwenye atelier tulikuwa na makafi mengine mawili meupe, ya pirogi ya mazoezi ya wanafunzi wa parokia. Yalipakwa siku ileile ya mara ya kwanza, kwa kopo lilelile, kwa brashi ileile, pinso yangu, kwa mkono huuhuu wangu, na rangi yake ilikaa. Mara ya pili nilikuwa nimebadilisha kopo. Nilipaka moja kivulini na jingine juani. Nilinunua pinso mpya. Nilipaka moja nikiwa nimefunga kula, kwa maana nilikuwa nimeishiwa na njia za kawaida. Manne yale yalibanduka vilevile, hata la kufunga kula. Nakiri kwamba mwanzoni nililifurahia fumbo hilo. Nililala nalo na kuamka nalo, kama mtu aliyepewa mfupa wenye nyama.

Furaha iliisha asubuhi moja ya ukungu. Wapiga kafi wawili, Innocent na mdogo wake, walikuwa wanamleta mama mwenye uchungu wa kuzaa. Katikati ya ziwa waliinua makafi mara mbili, kisha tena mara mbili, kisha tena. Mtazamaji wa kilimani hakuona kitu. Walipofika ukingoni hapakuwa na kipoyi. Innocent alipanda kilima mbio kuita watu, na waliposhuka mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa kwenye tope, kati ya mabidoni ya maziwa, mikononi mwa wanawake wa soko. Mtoto alipona. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalala kituoni wiki nyingi. Nilikwenda kumwona. Alinishukuru kwa kuja, akauliza habari za nyumbani kwangu, na habari ya rangi hakuigusa. Niliona haya kuliko kama angenitukana.

Halafu maneno yakaanza. Innocent na mdogo wake walikuwa watoto wa Mama Esperance, mjane wa familia ya wafugaji. Pirogi ya wagonjwa ililala ng'ambo, kwake, ili mgonjwa wa kule asisubiri, na makafi alikuwa anayatunza ndani ya nyumba ili yasiibwe. Basi upande wetu watu wakasema, "Bale ba ngambo njo banatoa rangi, kwa kusudi." Kusudi gani? Swali hilo halikupata mwenyewe. Lakini mnajua tulivyo. Lisemwalo lipo, na lisipokuwepo tunalitafutia mahali. Kati ya sisi wakulima na wao wafugaji maneno ya namna hiyo hayahitaji kuni nyingi kuwaka, na tumeyaona yalikotupeleka.

Komite ya kivuko ikakaa na kuamua. Hangi apake mara ya tatu. Rangi ikibanduka tena kabla ya Pasaka, Innocent na mdogo wake waondolewe, na pirogi ilale upande huu. Kila mtu alijua maana yake. Mgonjwa wa ng'ambo angelazimika kusimama ukingoni na kupiga kelele mpaka mtu wa huku amsikie, na ziwa letu si mto wa Buleusa.

Kabla ya kupaka nilikwenda Kibabi kwa Papa Bauma. Nilimkuta anachambua maharage. Akasikiliza yote, akauliza kitu kimoja.

"Majivu unatia?"

"Ninatia, Papa," nikasema.

Nimeandika niseme ukweli, basi huo ndio ukweli. Nilimdanganya mtu mmoja tu aliyeweza kunisaidia, kwa sababu niliona aibu kumwambia kwamba nimeacha alichonifundisha kwa ajili ya vidole vyangu. Akanitazama, akarudia maharage yake.

"Kama unatia," akasema, "basi enda uangalie fasi kafi inalala."

Nikavuka. Ilikuwa mchana, mvua nyepesi. Mama Esperance alinipokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kanisa, akaniletea kikombe cha maziwa kabla sijaketi.

"Karibu, Papa fundi. Unakuja kuangalia bezi ba rangi?"

Neno la wezi lilikuwa limevuka ziwa kabla yangu. Nikanywa. Makafi manne yalikuwa yamesimamishwa chini ya ukingo wa paa, rangi yangu ya pili ikiwa imebaki mabaka tu. Matone ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati na kuangukia bapa moja. Nikayatazama, kwa kuwa aliye na haya hutazama chochote isipokuwa mwenyeji wake. Mti mkavu unakunywa tone la maji. Linaenea, linaacha doa. Haya hayakuenea. Yalikaa juu ya mti duara, yanang'aa, kisha yakaviringika na kuanguka, kama maji juu ya jani la teke, yaani jimbi. Niliweka kikombe chini. Nikachovya kidole, nikadondosha tone langu mwenyewe kwenye kafi la pili, la tatu, la nne. Yote yalikaa duara.

Ndani, karibu na mlango, palikuwa na vyombo vya maziwa vya mti, vile wanavyoita ibyansi, vimepangwa kwa ukubwa. Vilikuwa vinang'aa mng'ao uleule.

"Mama," nikauliza, "hii makafi, munayafanya nini?"

"Tunayatunza," akasema, akashangaa ninauliza. Akaleta kibuyu kidogo, akafungua. Yalikuwa mafuta ya ng'ombe. "Chombo ya muti, usipoipaka mafuta, inapasuka. Na kafi haiko muti? Kila siku ya posho jioni, mbele ya siku ya Mungu, tunapaka yote, juu mpaka chini, kisha ninaombea batoto yangu. Baba yao, kafi yake ilipasuka katikati ya ziwa, siku ya upepo. Haikukuwa na mafuta. Ilikuwa kafi ya kuazima."

Hadithi ya kuzama kwa mumewe niliijua, ya kafi sikuijua.

"Na hii siku za nyuma," akaendelea, "niliona rangi yako inatoka. Nikasema, muti iko na ugonjwa. Nikaongeza mafuta."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi napaka rangi, yeye anaongeza mafuta. Rangi inatoka, mimi naongeza rangi, yeye anaongeza mafuta tena. Mafuta yaliingia kwenye ncha na kwenye mikwaruzo, na msasa wangu mzuri wa Goma haukuyatoa, uliyasukuma ndani. Tulikuwa tunalitibu kafi moja watu wawili, kila mmoja kwa dawa ya kwao. Nilipomweleza, alinitazama kwanza kama mtu aliyeshtakiwa, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na Innocent akatoka ndani kuangalia kuna nini.

Kicheko kiliniishia kwenye pirogi wakati wa kurudi. Nilimwuliza Innocent mama yake ameanza lini kupaka mafuta. Akasema tangu baba yao afe, yeye akiwa bado mdogo. Nikahesabu. Maana yake Mama Esperance alikuwa anapaka miaka yote ya Papa Bauma, na miaka yote hiyo rangi ilikaa. Mafuta hayakuwa kitu kipya. Kitu kipya kilikuwa mimi. Nilikuwa nimelipata jibu la swali langu la ujana, majivu ni ya nini, na sikulipenda.

Ningeweza kunyamaza. Ningerudia majivu kimya kimya, rangi ingekaa, na watu wangesema wale wa ng'ambo wameogopa komite wakaacha. Nililifikiria hilo kwa siku mbili, siwafichi. Siku ya tatu komite ilikaa tena kunisikia kabla sijapaka.

Tulikaa ndani ya atelier, watu wa komite, titulaire, Mama Esperance na wanawe, na wengine waliotamani kuona Innocent na mdogo wake wanaondolewa hata kabla ya Pasaka. Nilisimama nikasema, "Hakuna muntu alitoa rangi. Mama iko napaka mafuta ya ngombe tangu zamani. Papa Bauma alikuwa anaiosha na majivu. Miye niliacha majivu, kwa sababu inanikula mikono. Ile mama alizaa mu matope, iko juu yangu."

Titulaire alinitazama muda mrefu, na mpaka leo sijui kama alinisamehe siku hiyo au baadaye. Kisha mtu mmoja akasema vizuri, basi Mama aache mafuta na mambo yaishe.

"Siwezi kuacha," Mama Esperance akasema bila kupandisha sauti. "Munipige, munifukuze, batoto yangu hawataingia mu maji na kafi kavu."

Hapo kikao kilikwama. Mwenyekiti akatazama dari. Mimi nikachukua kafi moja, nikachukua kisu, nikachonga mfereji mwembamba kuzunguka shingo, pale mpini unapokutana na bapa.

"Mama," nikamwambia, "juu ya hapa ni yako. Chini ya hapa ni ya atelier."

Akalishika, akapitisha kidole kwenye mfereji.

"Na bapa ikipasuka?"

Lilikuwa swali la haki, na rangi peke yake haikutosha kulijibu. Nikasema, "Nitakuja kuiangalia miye mwenyewe, kila mwezi, moja moja. Nitagonga na kusikiliza."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Akafikiri. "Basi maziwa itakuwako," akasema.

Nilipaka mara ya tatu, kwa majivu. Vidole vyangu vikapasuka vyote kumi. Baada ya kukausha nilidondosha tone la maji juu ya kila bapa, na nilipoona linaenea na kunywewa ndipo nikafungua kopo. Pasaka ikapita, rangi ikiwa mahali pake. Na asubuhi moja ya ukungu mzito nilikuwa kilimani kwa titulaire, nikimtengenezea dirisha, mtazamaji akaita. Nikatoka. Ziwa halikuonekana kabisa, ila katikati ya ule weupe wa ukungu, mkanda mwekundu ulipanda mara mbili. Wabebaji walikuwa wamekwisha kushuka. Nilikaa chini kwenye majani mabichi na nguo zangu za kazi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee mmoja mwenye mguu uliovimba, aliyelalamika njia nzima kwamba kipoyi kinanuka samaki. Sijawahi kufurahia manung'uniko ya mtu namna ile.

Nilirudi Kibabi kumwomba Papa Bauma msamaha. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Nilijua," akasema. "Ulikuja hapa na mikono laini."

Nikamwuliza kama alijua habari ya mafuta ya ng'ombe. Akasema hapana. Aliona tu maji yanakataa kuingia, akatafuta cha kuyafanya yaingie. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia la tone la maji siku nilipouliza. Akakuna kichwa. "Nilizani unaiona," akasema. "Unaangaliaka kila kitu."

Miaka iliyofuata mnaijua, wengine mlizaliwa humo. Tulikimbia vita, tukakaa Lushebere kambini zaidi ya tulivyofikiri, nikafanya vijiti vya mahema kwa mikono iliyozoea makafi. Papa Bauma alifia huko, na jeneza lake nililipiga randa mwenyewe. Tuliporudi atelier haikuwa na bati, wala meza, wala randa hata moja. Kilichobaki ni kijiko cha Hangi juu ya mlango, hata wezi waliona hakifai. Na wiki ileile pirogi ikafika kutoka ng'ambo na Innocent ndani yake, ameleta makafi manne. Mama yake aliyaficha chini ya majani ya ng'ombe muda wote huo. Juu ya mfereji yalikuwa yanang'aa mafuta. Chini ya mfereji yalikuwa makavu, rangi imechakaa, na hakuna tone la mafuta lililovuka mstari. Nilijaribu kwa maji, ndiyo maana nasema.

Sasa ukurasa mlioutaka ni huu. Lowesha kidole, dondosha tone juu ya bapa. Likienea, paka. Likikaa duara, rudi kwenye majivu, hata vidole vikilia. Na kila mwezi vukeni mkagonge bapa na kusikiliza, na maziwa mtakayopewa mnywe yote, kwani kuyakataa ni matusi. Msije mkaniambia mmepata msasa mpya.

Siku ya kustaafu kwangu mliniandalia fanta na hotuba, asanteni kwa fanta. Kisha mkateremsha kijiko kutoka juu ya mlango mkanikabidhi, watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikakiona kizito mkononi na laini. Mkono una mazoea yake. Nilikiweka juu ya meza, nikachovya kidole kwenye kikombe, nikadondosha tone. Likakaa duara.

Innocent alikuwa amekuja kunisindikiza. "Mama alikiomba siku ya posho iliyopita, nikamupelekea," akasema. "Yeye hawezi kuvuka tena, miguu. Alipaka yote, na bapa. Anasema hii haitaenda mu maji, haitapakwa rangi, basi hapa mupaka haiko."

Mke wangu alitoka jikoni, akaona tone, akaniona ninalitazama. Ananijua. Akauliza kama alete majivu.

Nikamwambia aache.